Miaka Minane au Kumi na Sita

Afisa wa mikopo aligeuza skrini ya kompyuta yake ikatuelekea mimi na mke wangu, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Miaka minane: shilingi elfu sitini na saba kila mwezi. Akakishusha hadi wa pili. Miaka kumi na sita: elfu hamsini kasoro mia chache.

Nyumba ilikuwa ile ile, ya vyumba vitatu vya kulala, nje kidogo ya mji wa Kitui, yenye mabati ya kijani ambayo mke wangu hakuyapenda. Mkopo ulikuwa ule ule, milioni nne. Kilichobadilika ni umri wangu siku ya kumaliza kulipa. Nilikuwa na miaka arobaini na nne. Nikichagua mstari wa kwanza ningemaliza nikiwa na hamsini na miwili, meno yangu mengi yakiwa bado mahali pake. Nikichagua wa pili ningemaliza nikiwa na sitini, karibu na siku ile ambayo chuo kingenipa saa ya ukutani na kunitakia mapumziko mema.

"Na jumla?" nikauliza.

Afisa akabonyeza. Milioni sita na nusu kwa njia fupi. Milioni tisa na nusu kwa njia ndefu.

"Yaani milioni tatu zaidi," nikasema, "kwa mabati yale yale."

"Ndiyo, Daktari."

"Minane."

Mke wangu alikuwa anafunga mkoba wake. Yeye ni muuguzi, na watu wa kazi ile hawapendi kuamua mbele ya mtu aliyeshika kalamu. "Tutafikiria," akamwambia afisa, akasimama. Ikabidi nisimame pia.

Nafundisha fasihi, somo ambalo halijawahi kumzuia mtu kutoa maoni kuhusu riba. Kabla ya jioni nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu chuoni kwamba mimi sitazeeka na deni. Walinitazama kwa heshima. Wengi wao wana mikopo ya magari ambayo magari yenyewe yamekufa kabla ya mikopo. Nilihisi nimerefuka kidogo.

Kanisa nalo lilinisaidia kujidanganya. Kwetu deni huhubiriwa mahali pamoja na uzinzi, na mhubiri akifika hapo watu huinamisha vichwa kwa namna inayokuonyesha nani anadaiwa. Jumapili ile sikuinamisha. Nilijiambia kwamba kwa kuwa lazima nitende dhambi, basi nitaitenda kwa miaka minane badala ya kumi na sita, na mbinguni watatambua tofauti.

Mke wangu alikuwa na hoja moja tu, na aliirudia bila kupandisha sauti. "Elfu sitini na saba tunaweza kulipa mwezi mzuri. Niambie mwezi mbaya utafanya nini."

"Nitajikaza."

"Kujikaza si pesa."

Tulibishana hivyo wiki mbili, mpaka akaja na pendekezo lake. Tujaribu. Miezi mitatu, kabla ya kutia sahihi popote, tuishi kana kwamba benki imeshaanza kutukata zile elfu sitini na saba. Tulikuwa tunalipa kodi ya elfu ishirini na mbili, kwa hiyo tuitoe humo, na kila mwisho wa mwezi tuweke elfu arobaini na tano zilizobaki kwenye akaunti yetu ya pamoja na kuzisahau. Masharti: hakuna mkopo wa simu, hakuna kukopa kwa rafiki, na karo ya watoto haiguswi.

"Ukimaliza miezi mitatu bila kujikwaa," alisema, "natia sahihi miaka minane. Na sitasema neno juu yake mpaka iishe."

Ahadi hiyo ya mwisho peke yake ilikuwa na thamani ya milioni tatu. Nilikubali papo hapo.

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri, nami nikawa mtu wa kuudhi. Tulikula muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, siku nne kwa wiki, na kila sahani niliisifia kama mgeni. Gari nililiacha nyumbani, nikatembea hadi chuoni, nikawaambia wanafunzi kwamba ni kwa ajili ya moyo. Siku ya mshahara niliweka zile elfu arobaini na tano, nikamwonyesha mke wangu ujumbe kwenye simu. Akaniambia nisimame mbali na jiko, nguo zangu zinagusa sufuria.

Mwezi wa pili ndio walikuja watu. Mtu mwenye kazi ya mshahara kwetu yuko kwenye makundi ya simu ya ukoo, ya kanisa, ya waliosoma naye, na ya majirani wa kijijini, na kila kundi lina mgonjwa, bibi harusi au marehemu. Michango husomwa hadharani, jina kwa jina. Kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu, nami badala ya elfu moja niliyozoea kutoa nikatuma mia moja. Baada ya dakika tano mweka hazina wa ukoo akapiga simu.

"Daktari, habari ya Kitui?"

"Njema, mzee."

"Nadhani umesahau sifuri moja."

"Sikusahau, mzee. Nimebanwa kidogo."

Akasema kwa upole mkubwa, "Basi ngoja nisisome hii. Nitakungoja mpaka Ijumaa." Nilituma ile sifuri kabla ya Ijumaa, na mwezi huo tukafika kwenye elfu arobaini na tano kwa sababu tu mke wangu alikuwa amefanya zamu mbili za ziada bila kuniambia. Nilizihesabu kama ushindi wangu.

Mwezi wa tatu klachi ya gari iliharibika, ingawa lilikuwa limelala tu, gesi ikaisha, na mtoto wetu mkubwa akavunja miwani. Siku ya mshahara niliweka elfu arobaini na tatu. Tulikuwa tumepeana mpaka tarehe tano. Nilipungukiwa elfu mbili, na nilikuwa nimeshakatazwa kila mlango ambao mtu mzima hubisha akipungukiwa elfu mbili.

Kilichofuata nakiandika bila kujitetea, kwa sababu nimejaribu utetezi wote na hakuna unaosimama.

Jumamosi nilikwenda kijijini kwetu, Kathonzweni, kumpelekea mama dawa za presha. Hakuwepo, alikuwa Kambu kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, wa siku tatu, na ufunguo alikuwa ameuacha kwa jirani kama kawaida. Niliweka dawa mezani. Halafu nikaingia ghalani. Mvua za Machi zilikuwa zimetutupa, kwa hiyo ghala lilikuwa na mwangwi. Gunia la ndengu za kula lilikuwa limebaki na vikombe vichache chini. Kando yake kulikuwa na pipa dogo la plastiki la bluu, limefungwa kwa kitambaa. Nikafungua. Ndani mlikuwa na ndengu kilo ishirini na kitu, zimechanganywa na jivu.

Kila mtu aliyezaliwa kwetu, awe na digrii au asiwe nayo, anajua maana ya jivu lile. Zisizo na jivu ni za sufuria. Zenye jivu ni za shamba. Mama huzichagua mwenyewe, punje kwa punje, mwezi wa Februari, kutoka kwenye mavuno ya mvua za Novemba, anazifunika jivu wadudu wasizipate, na hazigusi hata kama nyumba nzima ina njaa. Nimemwona akizipita na sufuria tupu mkononi.

Nilijua. Lakini nilikuwa na hesabu kichwani. Mvua ingekuja mwisho wa Oktoba au baadaye. Mshahara ungekuja mwisho wa Oktoba. Ningenunua mbegu nyingine, safi zaidi, za dukani, nimshangaze mama. Huku si kukopa, niliwaza, kwa hiyo sijavunja sharti lolote. Nikachukua uteo wake, nikakaa kwenye kigoda chake, nikapepeta jivu. Jingi liliishia kwenye suruali yangu.

Mnunuzi wa nafaka sokoni alichota kiganja, akasugua, akatazama vidole vyake.

"Hizi zilikuwa na jivu."

"Zilikuwa."

"Mwenyewe anajua?"

"Ni za nyumbani."

"Sijakuuliza ni za wapi," alisema, lakini akapima. Akanipa elfu mbili na mia moja. Ile mia nilinunulia soda.

Jioni ile niliweka elfu mbili kwenye akaunti na kumwonyesha mke wangu ujumbe. Akanipa mkono, rasmi kabisa. "Hongera, Profesa." Huniita hivyo, ingawa chuo hakijafikia uamuzi huo. Afisa wa mikopo alikuwa likizoni, tukapanga kwenda kutia sahihi akirudi. Miaka minane. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Mwaka ule mvua ilikuja mapema. Jumanne moja asubuhi, siku tisa kabla ya mshahara, simu ililia nikiwa navaa viatu.

"Mwanangu, huku kumenyesha usiku kucha."

"Mungu asifiwe, Mwaitu," nikasema, nikimwita kwa neno letu la Kikamba.

"Asifiwe. Pipa la bluu liko wapi?"

"Si liko hapo hapo?"

"Pipa naliona. Nauliza ndengu."

Nikamwambia. Nilijaribu kuanzia mbali, kwenye riba, lakini hakuningoja. Alisikiliza mpaka neno "kuuza," akakata simu. Mama hajawahi kunikatia simu. Mtu anayelima kwetu anajua siku za kwanza za mvua ya ndengu hazifidiwi. Ukichelewa wiki, maua yanakuta jua.

Nilikimbilia benki, nikatoa elfu tano kwenye ile akaunti ya jaribio, nikaenda duka la mbegu. Kulikuwa na foleni hadi barabarani. Ndengu zilikuwa karibu mara mbili ya bei niliyouzia. Nikiwa katikati ya foleni, simu ikalia tena. Ujumbe wa akaunti ile ulikuwa unafika kwenye simu zetu zote mbili, nilikuwa nimesahau.

"Umetoa elfu tano saa tatu asubuhi," mke wangu alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi nani anakufa?"

Nikamweleza hapo hapo kwenye foleni, kwa sauti ya chini. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu aligeuka kunitazama, kwa hiyo haikuwa ya chini vya kutosha.

"Umeuza mbegu za mama yako," mke wangu alisema.

"Nilikuwa nimepungukiwa elfu mbili."

"Kwa hiyo miaka yako minane ilidumu miezi mitatu kasoro elfu mbili." Hakupiga kelele. "Nunua kunde pia. Kesho sina zamu. Tunaenda wote."

Tulifika Kathonzweni saa nne tukiwa na mifuko miwili ya mbegu. Mama alikuwa shambani na jirani yake, nyuma ya ng'ombe wa kukodi, anapanda. Alikuwa ameazima mbegu kwa huyo jirani, kilo saba, za kurudishwa kumi na nne baada ya mavuno. Kwenye baraza la nyumba alikuwepo paka mgeni, amefungwa kamba kwenye mguu wa benchi.

"Paka wa nani?" mke wangu akauliza.

"Ameazimwa," mama akasema. Alipanda mpaka mwisho wa mstari, akangoja jirani asogee mbele na ng'ombe, ndipo akanijia. "Ningewaambia nini? Kwamba mwanangu wa chuo kikuu ameuza mbegu? Nimesema ni panya. Akina mama wa kanisa wamekuja wakaomba juu ya panya, wakaleta paka. Miaka ishirini naongoza maombi, na leo nimedanganya kwa ajili ya panya mwenye digrii tatu."

"Mwaitu, nisamehe. Nimeleta mbegu."

"Nitakusamehe ukimaliza kupanda. Vua viatu."

Nikavua. Mke wangu alikuwa ameshavua vyake.

"Hiyo nyumba mnayonunua," mama akaendelea, "shamba lake ni kubwa kiasi gani?"

"Thumuni ya ekari."

"Thumuni. Hata kaburi lako halitaenea na la mkeo. Na ulitaka kuilipa kwa shamba langu." Akanipa kikombe cha mbegu na kurudi kwenye mstari wake. Mpaka jioni hakunisemesha tena. Alizungumza na mke wangu, akamsifia kwamba anapanda kwa nafasi sawa.

Kupanda nyuma ya ng'ombe ni kazi inayoruhusu maongezi, maana unatembea polepole na macho yako chini. Karibu na saa nane mke wangu alifika mstari wa pili kutoka kwangu.

"Bado unataka minane?"

Ningesema hapana upesi, lakini nilikuwa na ukaidi wangu. "Milioni tatu ni milioni tatu. Jua lina joto, mgongo unauma, nimeaibika, lakini hesabu haijabadilika."

"Haijabadilika. Mimi pia zinaniuma." Alidondosha punje tatu, akafunika kwa mguu. "Lakini sikiliza. Ukiandika elfu sitini na saba, unadaiwa elfu sitini na saba hata mwezi wa klachi. Ukipungukiwa elfu mbili, benki haikupi paka. Ukiandika hamsini, na mwezi ukawa mzuri, nani anakuzuia kupeleka zaidi?"

"Watu husema hivyo, halafu hawapeleki."

"Watu gani?"

"Watu kama mimi."

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Basi tutakaa kama watu kama mimi. Gari liuzwe. Kila pesa isiyo ya mshahara, zamu zangu, mitihani unayosahihisha, inakwenda huko mara moja kwa mwaka. Mwaka mbaya hakiendi kitu, na hakuna anayeuza chochote."

Nilipanda mstari mzima. Nilikuwa natafuta kosa ndani ya hoja yake, kazi ninayolipwa kuifanya, na sikulipata. Kosa pekee lilikuwa kwamba ningelazimika kurudi chuoni na kuwaambia wenzangu kwamba nitazeeka na deni. Hilo nililiweka kwenye mizani na milioni tatu, na nakiri kwamba kwa hatua kama kumi hivi lilikuwa zito zaidi.

"Kumi na sita," nikasema mwishoni mwa mstari. "Lakini tunaimaliza kabla."

"Tunaimaliza kabla," alisema, na alivyolisema lilikuwa agizo.

Afisa alirudi kutoka likizo akatukaribisha kwa tabasamu. "Daktari, ni ile minane yetu?"

"Kumi na sita," nikajibu, naye akawa mpole ghafla, kama mtu aliyesikia habari ya ugonjwa. Akaanza kuchapa karatasi. Mke wangu akagusa meza.

"Tukileta pesa za ziada mnatutoza faini?"

"Hapana, Mama, hiyo huwa tunasaidia. Mkija tunaongea."

"Na pesa hizo zinapunguza nini? Miaka?"

"Tunaongea tu, Mama. Sisi ni watu."

"Mimi hospitalini natoa dawa iliyoandikwa," mke wangu alisema. "Wewe niandikie."

Alisema hilo lingehitaji makao makuu. Tukasema tutangoja. Alidhani tunatania, tukaondoka bila kutia sahihi. Wiki iliyofuata tulirudi, barua ilikuwa haijafika. Tulirudi tena, ikawa imefika lakini imeandikwa kwamba benki "inaweza" kupunguza muda. Nilimwomba kalamu nyekundu. Huo ndio ulikuwa mchango wangu mkubwa katika jambo lote: miaka ishirini ya kusahihisha insha ilinifanya nione neno "inaweza" kutoka upande wa pili wa meza. Muuza nyumba alikuwa ameanza kutupigia akisema ana mteja mwingine. Mke wangu alimwambia amsalimie. Safari ya nne barua ilisema "itapunguza," bila faini, ikiwa na mhuri. Tukatia sahihi pale pale.

Tumekuwa ndani ya nyumba hiyo mwaka wa tatu sasa. Riba imepanda mara moja, na siku ile barua ilipofika nilifanya hesabu ya jinsi ambavyo elfu sitini na saba zingekuwa zimepanda pia, nikakunja karatasi. Mwaka wa kwanza tulipeleka laki moja: gari, zamu, na marobota ya karatasi za mitihani yaliyoniharibu macho. Benki ikaandika kwamba deni limepungua kwa miezi kumi na mitatu. Nilikwenda na barua hiyo chuoni, na sitasema niliionyesha watu wangapi. Mwaka wa pili mama alifanyiwa upasuaji wa macho, hatukupeleka hata shilingi, na malipo ya kila mwezi yalitoka kama kawaida, bila mtu yeyote kuingia ghala la mwingine.

Mwaka huu tulifikisha elfu themanini. Tulizipeleka wiki iliyopita, kwa miguu kutoka stendi, na kumkuta afisa mpya, msichana mchangamfu, ambaye hakujua habari zetu. Alisoma faili kurasa mbili za kwanza.

"Hongereni," akasema. "Sasa hizi, naona miaka bado ni mingi, nikiwashauri, niziweke zipunguze malipo ya kila mwezi? Mpumue kidogo? Kuna fomu yake."

Nilitaka kueleza. Nina hotuba yangu nzuri juu ya jambo hili, ya dakika kama kumi hivi. Mke wangu alikuwa ameshafungua faili kwenye ukurasa wenye mhuri, akaligeuza likamwelekea msichana, na kuweka kidole kwenye mstari.

"Miaka," akasema. "Toa miaka."